Binti ana miaka 16, kamaliza kidato cha sita na divisheni wani ya 4. Aende chuo mwaka huu au tumzuie kwanza?

BabaZai_Moro (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Matokeo yametoka, tumechinja kuku, majirani wamekuja kula. Sherehe imeisha, ugomvi umeanza, ndiyo maana nauleta hapa.

Binti yangu wa kwanza kasoma PCB. A ya Baiolojia, A ya Kemia, B ya Fizikia. Ana miaka 16, anafikisha 17 mwezi wa kumi na moja, yaani wenzake wakiwa wameshaingia madarasani chuoni. Mama yake ni mwalimu wa shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Morogoro, mtoto kakulia humo humo. Alianza la kwanza hata miaka mitano kamili hajafika, na alipomaliza la nne wakamrusha moja kwa moja la sita. Tangu hapo amekuwa mdogo kuliko wote kila darasa aliloingia, na kila darasa kawaburuza.

Anataka MD, yaani udaktari wa binadamu. Dirisha la udahili liko wazi. Mimi nasema aombe, akipata aende. Mama yake anasema asubiri mwaka mmoja apevuke kwanza. Bibi yake kapiga simu kutoka Handeni kumuunga mkono mkwewe, jambo ambalo tangu nioe sijaliona.

Naomba uzoefu, hasa wa waliopita njia hii au walio vyuoni. Hongera nimeshapokea za kutosha.

Mtu_wa_Pembeni

Hongera moja zaidi haiui. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

Zamu_ya_Usiku

Mkuu, mimi ni daktari, niliingia mwaka wa kwanza nikiwa na 19, ila darasani tulikuwa na kijana wa 17. Nikupe picha ya kozi yenyewe, kwa sababu naona watu watakuja kuongelea "chuo" kama kitu kimoja.

MD ni miaka mitano, halafu mwaka wa intaniship. Miaka miwili ya mwanzo ni anatomia, fiziolojia, biokemia na ndugu zao: darasani, maabara, na chumba cha maiti. Wodini unaingia rasmi mwaka wa tatu. Piga hesabu ya binti: akiingia mwaka huu, siku anavaa koti jeupe mbele ya mgonjwa atakuwa ana 18 anaikimbilia 19. Yule mgonjwa hatajua kama dokta wake aliruka la tano.

Kwa hiyo hoja ya kwamba hawezi kuhudumia watu akiwa mtoto haina miguu, kozi yenyewe inampa muda wa kukua. Angekuwa anaenda kusoma shahada ya miaka mitatu, amalize na 19 halafu akae mtaani na vyeti, hapo ningekuuliza anakimbilia wapi.

Ila chumba cha maiti mwandaeni. Kijana wetu yule wa 17 wiki za mwanzo alikuwa hali nyama. Ingawa na mzee mmoja wa 31 naye alikuwa hali.

Shangazi_Mkali

Nyie wanaume mnahesabu miaka ya kozi, sisi tunahesabu miaka ya mtoto. Umri wa 16 ni MTOTO. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo mpaka afike 18, sijatunga mimi.

Mnampeleka hosteli, chumba kimoja na wasichana wa 21, 22, wenye wachumba, wenye maisha yao, na si vibaya, ni watu wazima. Wa kwenu atataka kufanana nao. Nje ya geti mafataki, wale watu wazima wanaowinda wasichana, wamepaki magari, wanajua tarehe ya kufungua chuo kuliko wanafunzi wenyewe. Advansi, yaani kidato cha tano na sita, alikuwa na matroni, kengele na ruhusa ya kutoka. Chuo nani atamuuliza amelala wapi?

Mwaka mmoja ni nini jamani? Shule haihami.

Kichwa_Moto

Shangazi kamaliza. Na siyo Bongo tu. Kasome habari za William James Sidis. Aliingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, akawa anawapa maprofesa mhadhara wa hesabu. Alimaliza 1914 akiwa na 16. Magazeti hayakumwacha, akaishia kujificha kwenye kazi ndogondogo za ukarani, akafa 1944 ana miaka 46 na hakuna cha maana alichoacha. Haya mambo ya kukimbiza watoto yana mwisho wake.

Mkufunzi_wa_Kanda

Kichwa_Moto, ukimtaja Sidis umtaje na mwenzake wa wakati uleule. Norbert Wiener alimaliza shahada ya kwanza Tufts mwaka huohuo 1909 akiwa na miaka 14, akapata udaktari wa falsafa Harvard akiwa na 18, akawa profesa MIT na ndiye mwanzilishi wa sibanetiki, yaani sayansi ya mawasiliano na udhibiti katika mashine na viumbe. Martin Luther King aliingia Morehouse mwaka 1944 akiwa na 15. Ukichagua mfano mmoja, unaweza kuthibitisha chochote unachotaka.

Mimi nafundisha chuo kikuu, sitasema kipi. Niseme ya utafiti kwanza, halafu ninayoyaona.

Utafiti unaojulikana zaidi ulianzishwa na Julian Stanley pale Johns Hopkins mwaka 1971. Alitafuta watoto wenye uwezo mkubwa wa hesabu wakiwa na miaka 13 au chini ya hapo, wakafuatiliwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2021 warithi wake walichapisha matokeo ya watu hao wakiwa karibu na miaka 50: waliorushwa madarasa au kuingia chuo mapema hawakuwa na hali mbaya ya kisaikolojia kuliko wengine. Hofu ile ya Sidis haikuonekana kwenye kundi zima.

Lakini kabla BabaZai hajashangilia, hao ni watoto wa Marekani, na wengi waliwekewa programu zao maalumu zenye watu wa kuwaangalia. Hapa kwetu mtoto wa 16 anapewa namba ya usajili na ratiba iliyobandikwa ukutani, basi.

Ninayoyaona darasani kwangu: hawa wadogo hawaanguki kwa kukosa akili. Sijawahi kuona. Wanaanguka kwa mambo mawili. La kwanza, maisha yao yote walikuwa wa kwanza bila jasho. Mwaka wa kwanza wanakutana na darasa zima la watu waliokuwa wa kwanza, wanapata C kwenye jaribio la kwanza, na hawajui kupata C. Wengine wanaacha kuja kabisa. La pili, kuomba msaada. Mtu wa 22 akipata sapu, yaani mtihani wa kurudia, anakuja ofisini kwangu bila aibu, anasema mwalimu nifanyeje. Huyu mdogo anajificha mpaka anakaribia kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na mzazi yuko Morogoro anaamini mambo ni moto.

Swali langu kwa mwenye uzi: binti amewahi kushindwa kitu?

BabaZai_Moro (mwenye uzi)

Mkufunzi, umenikamata. Kidato cha tano muhula wa kwanza alipata D ya Fizikia. Alilia siku nzima, hakula. Ila wiki iliyofuata alimfuata mwalimu mwenyewe, akaomba apewe maswali ya nyuma, na hiyo B ya sasa imetokea hapo. Sikuwahi kulifikiria kama jambo kubwa.

Wameniuliza wengi inboksi yeye mwenyewe anasemaje. Anasema: "Baba, nikisubiri, nitafanya nini?" Mama yake alijibu utapumzika. Akasema nimeshapumzika tangu mwezi wa tano.

Kiranja_wa_Zamani

Hilo ndilo swali sasa. Mwaka wa nyumbani kwa msichana wa Kibongo tunaujua: kuosha vyombo, kulea wadogo zake, simu mpaka saa nane usiku. Huko kupevuka kunatokea wapi?

Mzee_wa_Azimio

Vijana, naona mnajadili kana kwamba nchi hii haijawahi kulijaribu jambo hili. Ililijaribu kwa nchi nzima.

Mwezi wa kumi mwaka 1966 wanafunzi wa Mlimani, chuo kikuu pale Dar es Salaam, waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400 kwa mkupuo. Aliona anasomesha watu waliotoka dawati moja kwenda dawati jingine, hawajawahi kushika jembe wala kupokea amri ya bosi, halafu wanadai mshahara. Yeye mwenyewe alianza shule Mwisenge mwaka 1934 akiwa na miaka kama 12, na Makerere aliingia 1943 amekwisha kuwa mtu mzima. Nadhani hakuona kwa nini watu wana haraka.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Kwa wasiolijua: ukimaliza kidato cha sita huendi chuo kikuu, hata uwe na A tatu. Unakwenda JKT, kisha unafanya kazi angalau miaka miwili, kisha unaomba chuo ukiwa na pendekezo la mwajiri wako na la tawi la chama. Mimi nilimaliza 1975. JKT nikaenda Makutupora, kisha nikapangiwa kiwanda cha nguo Mwanza, ofisi ya stoo. Mlimani niliingia 1978.

Niwaambie kilichokuwa kizuri. Tulipoingia chuo tulijua tunataka nini. Mhadhiri wa uchumi akisema "mzunguko wa bidhaa", mimi nilikuwa nimehesabu marobota kwa mkono wangu na nimeona jinsi yanavyopotea. Tuliwabishia wahadhiri, na walikuwa wanapenda. Hakuna aliyehitaji kuamshwa asubuhi.

Sasa kilichokuwa kibaya, na mama Zai asikilize hapa. Waliosoma hesabu na sayansi walitoka kiwandani wamesahau kukokotoa. Rafiki yangu aliyekuwa simba wa hesabu pale Mzumbe ilibidi aanze upya, na hakurudi tena kuwa yule. Wengine walipandishwa cheo kazini wakanogewa, chuo wakakisahau.

Na wasichana. Dada zetu walikwenda kazini wakiwa na 20, 21. Wakaolewa. Wakazaa. Waume wakasema chuo cha nini. Idadi ya wanawake Mlimani ikashuka kiasi kwamba serikali yenyewe iliona aibu, na haikuchukua muda wakaondolewa sharti lile, wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja. Wavulana tuliendelea kulitumikia mpaka lilipokuja kulegezwa miaka ya 1980.

Kwa hiyo mimi niliyefaidika na kusubiri nasema hivi: kusubiri kwetu kulikuwa na kazi, mshahara, bosi, na mahali pa kwenda asubuhi. Hilo ndilo lililotukomaza, wala si kalenda. Mkimpa binti kalenda tupu, mnampa ile hasara ya Azimio bila faida yake.

Kilakala_Damu

Shikamoo mzee. Hii comenti ilipaswa kuwa uzi wake. Sikujua kabisa kuhusu wasichana kusamehewa.

Mzee_wa_Azimio

Marahaba mwanangu. Mnaambiwa tarehe tu shuleni.

Shangazi_Mkali

Mzee wangu shikamoo. Nimekusoma mpaka mwisho na nakubali ya kalenda tupu. Lakini wale dada zenu walikuwa 21 na waliolewa kwa hiari. Huyu ni 16. Kama tatizo ni kukosa kazi, si apewe kazi? Mama yake ni mwalimu. Shule za binafsi zimejaa waliomaliza kidato cha sita wanafundisha tempo, yaani kwa muda. Afundishe Baiolojia kidato cha kwanza na cha pili, apate hela ya mfukoni, aishi kwao, mwakani aende akiwa na kitambulisho chake mkononi.

Kiranja_wa_Zamani

Shangazi, unampa mtoto wa 16 darasa la vijana wa 15 na 16? Watampeleka mchakamchaka. Halafu huko hakuna mafataki?

Wakili_Mtoro

Kwenye hicho kitambulisho nisimame kidogo, maana watu wanakidharau.

Chini ya 18 hapati kitambulisho cha taifa cha NIDA. Bila namba ya NIDA laini ya simu haiwi ya kwake, inasajiliwa kwa mzazi au mlezi. Akaunti ya benki hivyo hivyo, inakuwa ya mtoto chini ya mzazi. Mkataba wowote wa maana, hata wa kupanga chumba, mtu makini hatakubali saini yake peke yake, kwa sababu sheria yetu ya mikataba inataka miaka 18. Sasa mfikirieni anasoma Mwanza, baba yuko Morogoro, bumu, ile hela ya mkopo, limekwama au laini imefungiwa. Kila jambo dogo linamngoja baba.

Haya hayazuii kusoma. Ila ukimpeleka, mpeleke mahali ambapo kuna mtu mzima wa ukoo umbali wa daladala moja, mwenye mamlaka ya kusaini. Akisubiri mwaka, anafikisha 18 wiki chache baada ya kuingia na kero hizi zinaisha zenyewe. Hiyo ndiyo hoja pekee ya kusubiri niliyoiona humu ambayo kalenda tupu inaitatua, mzee anisamehe.

Kingine: akiamua kusubiri, bora asiombe kabisa mwaka huu kuliko kupata nafasi halafu asiende bila taarifa. Na kama ameshapata, barua iende ofisi ya udahili mapema, ajibiwe kwa maandishi. Mkopo nao una mwongozo wake kila mwaka, ausome wa mwaka atakaoomba.

Mtaa_wa_Eastlands

Wazee, salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu huu mjadala huamuliwa na serikali bila kukuuliza. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unafanya Novemba, matokeo Januari, chuo unaingia Septemba. Kila mtu anakaa miezi kadhaa nyumbani apende asipende. Na hiyo ni afadhali, sisi wa zamani kidogo tulikaa karibu miaka miwili tukingoja vyuo vya umma vituite.

Ule muda haukumfanya mtu yeyote awe mkomavu kwa sababu ya kungoja. Waliopata kibarua au kozi ya kompyuta waliingia wakiwa wamechangamka. Waliokaa tu, walikaa tu. Mimi nilimuuzia mjomba vipuri Kirinyaga Road, na hadi leo najua kubargain kuliko ninavyojua digrii yangu.

Kichwa_Moto

Bado nasimama na Sidis.

Mkufunzi_wa_Kanda

Simama naye, lakini umuone na Terence Tao, kwa sababu wazazi wake walifanya kitu ambacho humu hakijatajwa. Mtoto wa Adelaide, Australia. Akiwa na miaka tisa alikuwa tayari anaweza hesabu za chuo. Hawakumpeleka chuo, na hawakumzuia. Walimwacha sekondari na wenzake, huku akienda Flinders kwa masomo machache ya hesabu tu. Mwanafunzi kamili wa chuo amekuwa akiwa na 14. Udaktari wa falsafa Princeton mwaka 1996, Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hesabu, mwaka 2006.

Bongo mfumo huo hatuna. Huwezi kusoma nusu advansi nusu Mlimani. Kwetu ni ndani au nje, na ndiyo maana wazazi wanagombana. Ila roho ya jambo lile inaweza kuigwa: chuo aende, maisha mengine yabaki ya umri wake. Alale kwa ndugu badala ya hosteli, arudi saa za kueleweka, Jumapili awe na binamu zake. King naye alisoma Morehouse katika mji uleule wa Atlanta alikozaliwa.

Na BabaZai, ile D ya Fizikia ndiyo habari njema kuliko hizo A mbili. Aliyemfuata mwalimu mwenyewe akiwa kidato cha tano atakuja na ofisini kwangu.

Mama_Watatu_Dom

Mimi niseme upande wa pili wa ndugu. Wangu nilimpeleka kwa mjomba wake asome akiwa na 17. Alikuwa anapika, anafua, anawasomesha watoto wa mjomba, vitabu anashika saa tano usiku. Mwaka wa pili tukamhamishia hosteli na GPA ikapanda. "Kwa ndugu" siyo jibu mpaka ujue ni ndugu gani.

Shangazi_Mkali

Hapo nakuunga mkono, na mimi ni shangazi.

BabaZai_Moro (mwenye uzi)

Wakuu, tumekaa kikao. Mke wangu kasoma uzi wote, comenti ya mzee kaisoma mara mbili, ya Mama Watatu kanisomea kwa sauti huku ananiangalia.

Tulipofikia: anaomba mwaka huu. Chaguo la kwanza Muhimbili, kwa sababu dada yangu anaishi Kimara na hana watoto wadogo, wake wameshaoa na kuolewa. Nimeongea naye wazi kwamba binti haji kuwa msaidizi wa kazi, na kwamba kukiwa na ada au karatasi ya kusaini, mlezi ni yeye. Dodoma na Mwanza tumeziondoa kwenye orodha kwa mwaka huu, ingawa huko nafasi ingepatikana kirahisi zaidi. Akikosa Muhimbili, basi anasubiri, na hapo mama yake ameshamtafutia mahali: maabara ya zahanati moja hapa mjini, kwa mtu tunayemfahamu, asubuhi mpaka saa nane, nauli na chakula juu yao. Binti kakubali yote mawili. Bibi wa Handeni bado hajakubali, tunampa muda.

Mtu_wa_Pembeni

Yaani mmeacha udahili ndio uamue ugomvi wa ndoa. Nimeipenda.

Shangazi_Mkali

Sawa baba Zai. Kimara hadi Muhimbili kule Upanga asubuhi ni vita lakini. Vipindi vinaanza saa mbili kamili?

Zamu_ya_Usiku

Saa mbili, na mwaka wa kwanza mahudhurio yanaangaliwa. Apande mwendokasi kabla ya saa kumi na mbili, ashuke kituo cha Fire, atembee. Akichelewa kupanda hapo Kimara atasimama kituoni mabasi yanapita yamejaa. Na ile kadi ya usafiri aijaze mapema, asitegemee foleni ya dirishani. Koti la maabara asinunue la dukani kabla ya kuambiwa, wakubwa wake wa mwaka wa pili watamuuzia.